Misimu ya Uwanda wa Ganga: Somo la Joto, Mvua na Upepo wa Kusi

Leo nimeshika kalamu niwapeleke kwa fikira hadi kaskazini mwa Bara Hindi, katika jimbo liitwalo Uttar Pradesh. Najua yupo atakayeguna, "Ah, huyu naye! Ya nini kwenda mbali hivyo na masika ya hapa kwetu bado yanatushinda?" Mwenzangu, subiri kidogo. Ninazo sababu mbili, na zote zinatuhusu.

Ya kwanza ni ya lugha. Neno letu "msimu" lina asili ya Kiarabu, "mawsim", yaani wakati maalum wa mwaka. Neno hilohilo lilifika Bara Hindi, na hata leo msemaji wa Kihindi akitaka kutaja hali ya hewa husema "mausam". Waingereza nao walilipata kupitia kwa Wareno wakalifanya "monsoon". Hata neno "hewa" ni hivyo hivyo: sisi na Wahindi tulilichota kwa Waarabu, nao husema "hava". Kumbe tunakunywa maji ya kisima kimoja!

Sababu ya pili ni upepo. Ule upepo wa kusi unaovuma pwani yetu ni sehemu ya safari ndefu inayokwenda kuishia mashambani mwa Wahindi. Jambo hili nitalifafanua tukifika mahali pake.

Ninalotaka mlishike tangu mwanzo ni hili: misimu ya huko ni kama pete za mnyororo mmoja. Joto huivuta mvua, mvua huacha unyevu ardhini, unyevu huo hulea ngano wakati wa baridi, na ngano sharti ivunwe kabla joto halijarudi. Pete moja ikikatika, au hata ikichelewa tu, mamilioni ya watu hutaabika.

MAHALI PENYEWE

Uttar Pradesh ina ukubwa wa kilomita mraba 240,000 hivi, yaani haifiki nusu ya Kenya. Lakini watu je? Sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu karibu milioni 200 katika jimbo hilo peke yake. Linganisha na sensa yetu ya mwaka 2019, iliyopata Wakenya milioni 47.6 nchi nzima. Makao makuu ya jimbo ni Lucknow. Miji mingine ni Kanpur, Agra penye jengo la Taj Mahal, Varanasi, na Prayagraj ambao hadi mwaka 2018 uliitwa Allahabad.

Sehemu kubwa ya jimbo ni uwanda tambarare uliojengwa na udongo ulioletwa na mto Ganges, ambao wenyeji huuita Ganga, pamoja na mto Yamuna na mito mingine. Kaskazini kuna milima ya Himalaya iliyosimama kama ukuta. Bahari iko mbali sana, lakini ardhi yenyewe iko chini: Varanasi ni kama mita 80 tu juu ya usawa wa bahari, ilhali Nairobi ni takriban mita 1,700. Tena jimbo hili liko kati ya nyuzi 24 na 30 hivi kaskazini mwa Ikweta. Sisi tulio Ikweta mchana na usiku wetu hulingana karibu mwaka mzima. Kule mwezi wa Juni mchana hukaribia saa 14, na Desemba hupungua hadi saa 10 na nusu hivi. Basi weka pamoja mambo haya matatu, yaani ardhi ya chini, bahari ya mbali, na mchana unaorefuka na kufupika, nawe utaelewa kwa nini huko joto ni joto kweli na baridi ni baridi kweli.

KIANGAZI: MACHI HADI KATIKATI YA JUNI

Mwezi wa Machi huanza vizuri. Baridi imekwisha, ngano inageuka rangi ya dhahabu shambani, na watu husherehekea Holi kwa kurushiana rangi barabarani. Lakini starehe hiyo haikai. Kufika Aprili kipimajoto hugonga nyuzi 40 za Selisiasi, na mwezi wa Mei na mwanzo wa Juni hupanda hadi 45 na kuzidi. Nairobi ikifika 30 tunalalamika, sembuse 45!

Wakati huo huvuma upepo uitwao "loo". Ni upepo mkavu utokao magharibi, upande wa Jangwa la Thar, nao huvuma zaidi adhuhuri na alasiri. Kutoka nje saa nane mchana ni kama kusimama mbele ya tanuri ya mikate mlango ukiwa wazi. Watu hujifungia ndani. Tangu zamani wamekuwa wakining'iniza milangoni mikeka ya mizizi ya nyasi iitwayo "khas" na kuinyunyizia maji, ili upepo ukipita upoe na kunukia. Hunywa pia kinywaji cha maembe mabichi yaliyochemshwa au kuchomwa, yakapondwa na kutiwa chumvi, sukari na bizari nyembamba. Kinywaji hicho huitwa "aam panna", na kazi yake ni kurudisha maji na chumvi iliyotoka kwa jasho. Nazo shule hufungwa kwa likizo ndefu. Likizo hiyo ndefu ya wenzetu wa huko haitokani na mvua. Hufunga kwa sababu ya jua.

Siku nyingine hutokea tufani la vumbi, "andhi". Mchana hugeuka kama magharibi, miti huanguka, kisha matone machache hunyesha na joto likashuka kwa muda mfupi.

Jamani, joto hilo si mchezo. Tarehe 1 Juni 2024, siku ya mwisho ya upigaji kura katika uchaguzi mkuu wa India, wafanyakazi wa uchaguzi 33 walikufa jimboni kwa sababu ya joto, kama ilivyotangaza ofisi ya uchaguzi ya jimbo. Hao walikuwa watu waliokwenda kazini asubuhi kama kawaida. Anayeumia zaidi ni yule asiyeweza kujifungia ndani: mjenzi, mvuta mkokoteni, mkulima, askari wa barabarani.

JINSI JOTO LINAVYOIVUTA MVUA

Wahenga walisema, baada ya dhiki faraja. Katika uwanda wa Ganga methali hii ni somo la Jiografia pia.

Nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari. Kufikia Juni ardhi ya kaskazini mwa India na Pakistan, pamoja na uwanda wa juu wa Tibet ulio nyuma ya Himalaya, imepashwa moto kwa miezi mitatu. Hewa yenye joto hupanda juu, na chini panabaki mgandamizo mdogo wa hewa. Baharini, ambako kumepoa, mgandamizo ni mkubwa. Nayo hewa, kama maji, hukimbilia mahali penye upungufu.

Je, hewa hiyo hutoka wapi? Hapa ndipo sisi tunapoingia. Upepo huanzia kusini mwa Bahari ya Hindi, ukaja kuelekea kaskazini-magharibi hadi pwani ya Afrika Mashariki. Huo ndio upepo wa kusi, ambao mabaharia wetu waliujua na kuutegemea karne nyingi kabla ya vitabu vya Jiografia kuandikwa. Milima ya Afrika Mashariki huuzuia usipotelee bara. Ukishavuka Ikweta karibu na Kenya na Somalia, mzunguko wa dunia huupindisha kuelekea mkono wa kulia, nao ukaelekea moja kwa moja India ukiwa umebeba mvuke wa bahari. Mtaalamu wa hali ya hewa J. Findlater alieleza mkondo huu katika maandishi yake ya mwaka 1966 na 1969, akitumia vipimo vya upepo vilivyochukuliwa juu ya Kenya. Alionyesha kwamba hapo ndipo upepo huo hukazana kama maji yanayopita kwenye mfereji mwembamba.

Kwa hiyo mvuvi wa Lamu akiona bahari imechafuka mwezi wa Juni akavuta ngalawa yake pwani, ajue kwamba upepo unaomnyima samaki unampelekea mtu mwingine mpunga.

MVUA: KATIKATI YA JUNI HADI SEPTEMBA

Mvua huingia India kutoka kusini, katika jimbo la Kerala, kwa kawaida tarehe 1 Juni. Ina matawi mawili. Moja hupitia Bahari ya Arabia, la pili huzunguka kupitia Ghuba ya Bengal. Hili la pili ndilo hasa linaloinywesha Uttar Pradesh. Likifika kaskazini hugonga ukuta wa Himalaya, likageuka kushoto na kupanda bonde la Ganga kuelekea magharibi.

Ndiyo sababu mvua hufika mashariki ya jimbo kwanza, karibu na tarehe 20 Juni, kisha magharibi mwishoni mwa mwezi. Tena kadiri inavyokwenda ndivyo inavyopungua, mfano wa lori la mchanga lililotoboka. Sehemu za mashariki hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na sehemu za magharibi hupata kati ya 600 na 1,000. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za mvua yote ya mwaka hunyesha katika miezi hii michache. Sisi tuna masika na vuli. Masika yakituhini twaweza kungoja vuli. Mkulima wa huko hana mvua ya pili ya kutegemea namna hiyo.

Siku mvua ya kwanza inaponyesha, joto hushuka ghafla, vumbi hutulia, na watoto hutoka nje kuoga mvua. Wakulima huingia shambani kupanda mazao yaitwayo "kharif": mpunga, mahindi, uwele na kunde. "Kharif" nalo ni neno la Kiarabu, na mazao hayo huvunwa Oktoba na Novemba.

Lakini hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Mito kama Ghaghara na Rapti, inayoteremka kutoka Nepal, hufurika na kuzamisha vijiji vya mashariki. Na mbu wenyewe, wale hasa, huleta maradhi. Mwaka 2005, katika eneo la Gorakhpur na jirani zake, homa ya ubongo inayoenezwa na mbu iliua zaidi ya watu elfu moja, wengi wao watoto. Mwaka uliofuata serikali ilianza kuwachanja watoto.

Mvua ikikataa nayo ni msiba mwingine. Mwaka 2009 India kwa jumla ilipata asilimia 78 tu ya mvua ya kawaida ya msimu huu, ukawa ukame mbaya zaidi tangu 1972. Mwaka huo kulikuwa na El Niño, yaani kupata joto kwa maji ya Bahari ya Pasifiki, jambo ambalo mara nyingi huidhoofisha mvua ya India. Lakini tusikimbilie kusema ni kanuni isiyovunjika. Mwaka 1997 El Niño ilikuwa kali sana. Sisi Kenya tulipata mafuriko ambayo wazazi wetu hawajayasahau, ilhali India ilipata mvua ya kawaida tu. Wataalamu wanasema Bahari ya Hindi yenyewe nayo ilikuwa na mambo yake: upande wetu ulikuwa na joto kuliko kawaida na upande wa Indonesia umepoa. Dalili ya mvua ni mawingu, naam, lakini kuyasoma mawingu hayo si kazi rahisi.

BAADA YA MVUA: OKTOBA NA NOVEMBA

Mwishoni mwa Septemba upepo hulegea na mvua ikaondoka kwa njia ileile iliyojia: magharibi hukauka kwanza, mashariki baadaye. Anga huwa safi na usiku huanza kupoa. Huu ndio wakati wa sikukuu ya taa, Diwali. Mpunga huvunwa, na mara tu ukitoka shambani hupandwa mazao ya "rabi": ngano, dengu, haradali na viazi. Mkulima hana muda wa kukaa kitako. Akichelewa kupanda ngano, itachelewa kuiva, na joto la Machi litaikuta ingali changa.

Siku hizi kipindi hiki kina balaa lake. Upepo ukiwa hafifu, moshi wa magari, viwanda na mabua ya mpunga yanayochomwa mashambani hubaki umetanda juu ya uwanda mzima, na macho na vifua vya watu huwasha.

BARIDI: DESEMBA HADI FEBRUARI

Wengi wetu tukisikia India tunafikiria joto tu. Tumekosea! Usiku wa Januari kipimajoto hushuka hadi nyuzi 4 au 5, na mara nyingine karibu na sufuri. Kisha huja ukungu. Ardhi imemwagiliwa maji, usiku ni mrefu, upepo hakuna. Hewa ya chini hupoa kupita ya juu, na mvuke uliomo hugeuka ukungu mzito usioruhusu mtu kuona hatua chache mbele. Treni huchelewa kwa saa nyingi, magari hugongana, shule hufungwa tena au hufunguliwa kwa kuchelewa. Mtu aliyesafiri hadi Agra kuitazama Taj Mahal asubuhi anaweza kusimama mbele yake asiione!

Kwa maskini baridi hii ni adui sawa na joto. Mwandishi Premchand, aliyezaliwa mwaka 1880 katika kijiji cha Lamhi karibu na Varanasi, ana hadithi fupi ijulikanayo kama "Poos ki Raat", yaani usiku mmoja wa mwezi wa Poos, ambao huangukia Desemba na Januari. Mkulima ndani yake ameweka akiba ya rupia tatu anunue blanketi, lakini mdai anazichukua, naye analazimika kulinda shamba usiku kucha bila kitu cha kujifunika. Nawaambia wenzangu wapenda fasihi: hapo hali ya hewa si pambo la hadithi. Ndiyo inayotuonyesha deni linauma vipi.

Hata hivyo baridi ina heri yake, kwa kuwa ngano huipenda. Tena mara kwa mara hupita mawingu yanayotoka mbali, upande wa Bahari ya Mediterania, yakaleta manyunyu. Ni mvua kidogo, lakini kwa ngano ni kama dawa. Ikiwa mvua ya mawe, hapo ni kilio.

Na sisi huku pwani wakati huo? Upepo umegeuka. Asia imepoa, hewa sasa inatoka nchi kavu kuja baharini, nasi twapata upepo wa kaskazi, ambao zamani ulileta majahazi kutoka Bara Hindi na Arabuni. Ni mlango mmoja: huo wa Juni hufunguka kwenda kwao, wa Desemba hufunguka kuja kwetu.

PETE IKIKATIKA

Tazameni mfano wa mwaka 2022. Machi ya mwaka huo, kwa wastani wa joto la mchana, ilikuwa ya joto kuliko Machi yoyote nchini India tangu kumbukumbu zianze mwaka 1901. Ngano ilikuwa bado inajaza punje. Joto likaikausha kabla ya wakati, punje zikanywea, mavuno yakapungua. Uttar Pradesh ndiyo jimbo linaloongoza kwa kulima ngano India. Tarehe 13 Mei 2022 serikali ya India ikapiga marufuku kuuza ngano nje ya nchi, na hapo dunia ilikuwa tayari na upungufu kwa sababu ya vita vya Ukraine. Nasi Kenya, tunaoagiza ngano yetu nyingi kutoka nje, hatuwezi kusema haituhusu. Joto lililofika wiki chache mapema kwenye uwanda wa mbali linaweza kuonekana kwenye bei ya mkate dukani.

Ndiyo maana nasema misimu si orodha ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Kila msimu ni kazi unayoufanyia ule unaoufuata. Mkulima wa Ganga hasemi joto ni baya na mvua ni nzuri. Yeye husema kila kitu kije kwa wakati wake.

Kabla sijaweka kalamu chini, jipimeni kwa maswali haya:

1. Kwa nini mvua hufika mashariki ya Uttar Pradesh kabla ya magharibi?
2. Eleza safari ya upepo wa kusi kutoka kusini mwa Bahari ya Hindi hadi bonde la Ganga.
3. Kamusi hutupa maneno kiangazi, masika, vuli na kipupwe. Je, yanatosha kutaja misimu ya Uttar Pradesh? Kumbuka kipupwe chetu huja Juni na Julai, nao wakati huo wako katika mvua.
4. Taja faida moja na hasara moja ya kila msimu kwa mkulima.

La tatu ndilo ningependa tulijadili katika mkutano wa chama, maana hapo ndipo Kiswahili na Jiografia hukutana. Mwenye jibu aje nalo. Wasalaam.